Paa la vinili kwenye gari la zamani: ulitunze, ulipake rangi, uweke jipya au ulitoe kabisa?

Kila nikikutana na mtu mwenye gari la zamani ambalo paa lake la vinili (yaani bati la paa lililofunikwa kwa plastiki inayoiga ngozi) limechoka, swali lake ni "nilipake rangi au niweke jipya?" na mi huwa namjibu kwa swali, je bati la chini umeliona? Wengi hawajaliona, na siwalaumu maana hata mimi la kwanza sikuliona. Paa lilikuwa limepauka, lina nyufa ndogondogo kwenye mshono na malengelenge mawili pembeni ya kioo cha nyuma, nikalisugua, nikalipaka rangi nyeusi ya vinili, likatoka zuri kiasi kwamba watu wakadhani ni jipya. Mwaka wa pili yale malengelenge mawili yakawa saba, nikabonyeza moja kwa kidole gumba likaitika kama majani makavu yanayokanyagwa. Nilipobandua nikakuta matundu mawili kwenye pembe za kioo, vidole vitatu vinaingia, na maji yalikuwa yanashuka mpaka kwenye buti muda wote ule nikiwa nafurahia rangi yangu.

Kwahiyo hapa nalinganisha njia zote ninazozijua ila kila njia naipima kwa kitu kimoja, inalifanyia nini bati. Uzuri wa juu unakuja baadae.

Kwanza, kinachotokea pale chini

Vinili ya paa ni PVC, aina ya plastiki, iliyopakwa juu ya kitambaa, alafu upande wa kitambaa ndo unagundishwa kwenye bati. PVC peke yake ni ngumu, kiwandani inachanganywa na mafuta ya kuilainisha, na jua la miaka na miaka linayatoa hayo mafuta kidogo kidogo mpaka vinili inakakamaa, inasinyaa, inapasuka. Ukiona paa limejivuta likaacha pengo kwenye kingo za kioo usidhani kuna mtu alilikata vibaya, limesinyaa tu. Sasa likishapasuka maji yanaingia, yanakutana na kile kitambaa, na kitambaa kinanyonya kama utambi wa taa, yanatembea mbali na pale yalipoingilia. Unakuta ufa uko katikati ya paa lakini kutu iko kule kwenye kona ya kioo cha nyuma, na mtu anaziba ufa anadhani kamaliza.

Yale mapaa manene yenye sponji chini, yaliyopendwa sana miaka ya 70, ndo mabaya kuliko yote kwa hili, maana sponji ikishalowa inakaa na maji siku nyingi baada ya mvua kuisha.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui mpaka wabandue. Magari mengi yaliyotoka kiwandani na vinili hayakumaliziwa vizuri bati la juu, kwa sababu walijua litafunikwa. Rangi unaikuta nyepesi au prima tupu (ile rangi ya kwanza ya chini), na kiungo cha paa na fenda ya nyuma hakikulainishwa kama kwenye gari la paa la rangi. Alafu ile mikanda ya kromu inayozunguka ukingo wa vinili inashikwa na klipu, na klipu zinakaa kwenye matundu au kwenye vijiti vilivyochomelewa kwenye bati, na kila kimoja ni mlango wa maji. Hii utaihitaji tukifika kwenye kutoa vinili kabisa.

Pima bati kabla hujachagua chochote

Haichukui hata saa moja. Pitisha kiganja taratibu paa zima, macho ukifumba ni bora zaidi maana mkono unasikia kisichoonekana. Lengelenge laini linalocheza ukilibonyeza ni upepo, gundi imeachia, hilo si tatizo kubwa. Kipele kigumu chenye chengachenga ndani ni kutu tayari, na ikisikika inavunjika vunjika basi bati limeshaanza kuwa maganda. Kagua kwa umakini pembe mbili za chini za kioo cha nyuma, mguu wa nguzo ya nyuma pale vinili inapoishia, pembe za juu za kioo cha mbele, na mfereji wa mvua juu ya milango. Ingia na ndani, angalia kitambaa cha dari kama kina madoa ya maji kwenye kona, fungua buti uinue zulia ushike chini, pakiwa na unyevu na sili ya buti ni nzima basi anza kushuku fremu ya kioo cha nyuma.

Kama una moyo fungua mkanda mmoja wa kromu kwenye kona iliyo mbaya zaidi, uinue vinili sentimita tano tu. Hizo sentimita tano zitakwambia ukweli kuliko mtu yeyote atakayekuja kuliangalia kwa macho.

Matokeo yanakuwa ya aina tatu. Bati ni safi na vinili bado laini. Bati ni safi ila vinili ndo imechoka. Au kutu ipo. Ikiwa kutu ipo, hata kidogo, njia ya kusafisha na njia ya kupaka rangi zifute kichwani, zimebaki mbili tu, kuweka jipya au kulitoa. Najua inauma hasa kama juu panaonekana bado pazuri, ila kutu chini ya vinili haisimami yenyewe, ina unyevu, ina giza, ina kila inachokitaka.

Kusafisha na kutunza, au kupaka rangi?

Hizi mbili nazilinganisha pamoja kwa sababu watu wanazichanganya. Kusafisha ni kwa vinili ambayo bado inakunjika bila kupasuka na rangi yake bado ipo chini ya uchafu. Maji, sabuni ya kawaida, brashi laini, unasugua kufuata vinyweleo vya vinili, ile michoro ya juu inayofanana na ngozi, maana uchafu unakaa kwenye yale mabonde madogo, unasuuza sana, unaacha ikauke kabisa, alafu unapaka dawa ya kukinga miale ya jua ile ya maji maji isiyoacha mafuta. Usitumie jiki hata kama paa ni jeupe na lina ukungu wa kijani, na petroli na thinna ndo kabisa usisogeze karibu, zinakamua yale mafuta ya kulainisha na kuzeesha paa kwa dakika chache.

Na ile dawa ya kung'arisha matairi, jamani, msiiweke juu ya paa. Ina silikoni, inang'aa wiki moja, alafu siku ukitaka kupaka rangi, rangi inakimbia na kuacha vidoa vya duara kila mahali. Mi langu lilikuwa na hiyo kitu kutoka kwa mwenye gari aliyetangulia, nilisugua kwa dawa ya kuondoa nta na silikoni mara tatu ndo rangi ikakubali.

Kupaka rangi ni kwa vinili nzima iliyochuja. Nyeusi imekuwa kijivu, nyeupe imekuwa njano, lakini haijapasuka au ina vijiufa vinavyohesabika. Rangi iwe ile ya vinili yenyewe, inayojikunja pamoja na vinili, sio rangi ya bodi, rangi ya bodi ikipata jua na baridi kwa miezi kadhaa inachanika kama tope lililokauka. Matabaka iwe mengi mepesi, sio mawili mazito, maana zito linajaza vinyweleo na paa linabaki kama plastiki ya ndoo. Vijiufa vinajazwa kwanza kwa puti ya vinili ya maji, inakauka, unakandamiza karatasi yenye mchoro wa vinyweleo juu yake ili ifanane, kazi ya subira hiyo. Mshono ulioinuka unaingiziwa gundi kwa sindano unakandamizwa.

Tofauti yao kubwa ni hii, kusafisha hakufichi kitu, kesho ukiwa na ufa unauona. Rangi inaficha. Inafunika na ufa na dalili za mwanzo za kutu, ndo maana ukipaka bila kupima unakuwa kama mimi. Na zote mbili hazirudishi ulaini uliopotea, hamna dawa ya kopo inayorudisha mafuta ya PVC yaliyotoka miaka 50 iliyopita, hata kama kopo limeandikwa hivyo. Vinili iliyosinyaa itaendelea kusinyaa ikiwa na rangi mpya juu.

Kuna magari machache ambayo kupaka rangi ni dhambi hata kama inawezekana. Plymouth mwaka 1969 waliuza mapaa ya vinili yenye maua, yale wanayoyaita Mod Top, na Mercury Cougar ya 1970 ilikuwa na paa la mirabamiraba ya houndstooth. Ukiwa na kitu kama hicho, hata kikiwa kimechoka, kisafishe na ukiache, ukikipaka rangi moja umefuta kitu ambacho ndo kilikuwa thamani ya gari lenyewe.

Kuweka jipya: lililokatwa tayari au la kushonwa na fundi?

Hapa ndo kwenye kazi na ndo kwenye pesa, kwahiyo nitakaa kidogo.

Lililokatwa tayari linakuja limeshashonwa kwa ajili ya modeli na mwaka wa gari lako, umbali wa mishono miwili uko sawa, vinyweleo vinafanana na vya kiwandani (viko vya aina nyingi na kila kampuni ilikuwa na vyake, ukikosea aina anayejua atagundua akiwa mbali), na mishono mara nyingi imeunganishwa kwa joto bila tundu la sindano. Limekatwa kubwa kidogo kuliko paa ili upate pa kushika na kuvuta. Ubaya wake ni kwamba lipo kwa magari maarufu tu. Mwenye Thunderbird Landau, mwenye Charger, huyo atalipata, mwenye gari la Ulaya au la Japani ambalo halikuuzwa sana anaweza kutafuta mpaka achoke. Na linakuja limekunjwa kwenye boksi, likikaa sana linashika alama za mikunjo ambazo haziondoki kirahisi, ukilipokea lifungue siku hiyohiyo ulitandaze.

La kushonwa na fundi wa viti linakubali gari lolote. Analichukua lile la zamani kama pataroni, na hapa tafadhali, mnapobandua la zamani msilichane vipande, litoeni zima hata kama limeoza, na kabla ya kulitoa pimeni kutoka mshono hadi mshono, kutoka mshono hadi mfereji, mbele na nyuma, andikeni, pigeni picha. Hatari ya njia hii ni vinili yenyewe. Fundi wa viti ana marobota ya vinili ya viti, na vinili ya viti haikutengenezwa kukaa nje, kitambaa chake cha nyuma mara nyingi kinavutika kama fulana na rangi yake haivumilii jua. Utaiona nzuri siku ya kwanza. Sisitiza vinili ya paa, ya nje. Jambo la pili ni mshono, akishona kwa cherehani kila tundu la sindano linapitisha maji, kwahiyo mshono lazima uzibwe kwa nyuma kwa sila (dawa ya kuziba) kabla ya kugundishwa. Fundi mzuri anafanya bila kuambiwa, ila wewe muulize tu.

Uamuzi wangu: likipatikana lililokatwa tayari kwa gari lako na vinyweleo ni sahihi, chukua hilo usihangaike. Fundi ni kwa gari adimu, na kwa yale mapaa ya nusu ya nyuma tu, ambayo kuyapima ni rahisi.

Gundi, ambako wengi ndo wanaharibu

Paa jeusi likikaa juani linapata moto wa kukuunguza kiganja. Gundi ya kawaida ya dari au ya makapeti kwenye joto hilo inalainika, na vinili mpya inayotaka kurudi kwenye umbo lake inajivuta taratibu, kingo zinaachia, katikati kunavimba. Nilishawahi kulipa fundi mmoja akatumia makopo ya spreyi ya gundi ya dari, kazi ilikuwa safi sana ikitazamwa jioni ile, wiki ya tatu ya jua kali upande mzima wa kushoto ukainuka kama tanga. Vinili ilikuwa nzuri, bati lilikuwa zuri, gundi tu ndo ilikuwa sio.

Kinachotakiwa ni gundi ya kushikana, ile inayopakwa pande zote mbili, iliyoandikwa kabisa kwamba ni ya vinili na ya joto kali. Ukilinganisha ya brashi na ya kupuliza kwa bunduki ya rangi, ya bunduki inatoka sawasawa na haiachi mistari inayoonekana juu ya vinili nyembamba, ila inataka kompresa na mtu anayejua kuichanganya. Ya brashi inaenda taratibu, unaweka kwenye kona na kwenye mfereji kwa uhakika zaidi, lakini ukiacha donge, hilo donge utaliona kila siku jua likipiga pembeni. Mi nachanganya, bunduki sehemu kubwa ya paa na brashi kwenye kingo. Kitambaa cha nyuma kinanyonya kwahiyo kipake mara mbili. Subiri mpaka ukigusa isishike kidole tena, hapo ndo unakutanisha, ukikutanisha ikiwa bado mbichi ule mvuke unabaki ndani na kukutolea malengelenge.

Kubandika kwenyewe, peke yako au na fundi?

Paa likiwa kubwa hii sio kazi ya mtu mmoja, mnatakiwa wawili, watatu bora. Hali ya hewa iwe ya joto la wastani, kama nyuzi 21 hadi 27 hivi, baridi vinili haivutiki, jua kali gundi inakauka kabla hujafika. Itandaze kwanza nje juani kwenye kitu safi saa moja au mbili ilainike.

Unatafuta mstari wa katikati ya paa, unaweka alama kwa chaki mbele na nyuma, na kwenye vinili pia unaweka alama upande wa chini, zinakutana. Unagundisha kipande cha katikati kati ya mishono miwili kwanza, nusu kwa nusu, unakunja upande mmoja, unapaka, unarudisha, unasukuma kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje. Mshono ukipinda hapo hakuna namna ya kuuficha, mtu aliyesimama nyuma ya gari anauona, kwahiyo kipande cha katikati ndo kinataka utulivu kuliko vyote. Pande zinafuata, mnavuta kwenda chini kwenye mfereji na kwenye nguzo za nyuma. Kwenye pembe za vioo unakata vijinafasi vidogo ili vinili izunguke bila makunyanzi, na ukate kidogo kidogo, kuongeza ni rahisi ila kurudisha haiwezekani. Ziada ya pembeni usiikate mpaka kila kitu kimeshika. Kijilengelenge kikibaki toboa kwa sindano nyembamba, bonyeza, vinyweleo vinaficha.

Hapa pa kuamua ufanye mwenyewe au fundi, mi naangalia vioo. Kuna magari ambayo vinili inaishia chini ya mikanda ya kromu, kioo kinabaki mahali pake, hiyo mtu makini na rafiki zake wawili anaweza. Na kuna yale ambayo kioo kimeshikwa na raba na vinili inapita chini ya raba, hapo lazima kioo kitoke, na kioo cha gari la miaka 50 kikipasuka unaweza usipate kingine. Hiyo mpe fundi vioo akutolee na kukurudishia, ya katikati fanya mwenyewe ukitaka. Na hata kama ni ya mikanda, mi bado nashauri kioo cha nyuma kitoke kama kulikuwa na dalili yoyote ya kutu, maana kutu ya kule inajificha ndani ya fremu chini ya kioo na huwezi kuisafisha ukiwa unachungulia.

Bati lenyewe kabla ya yote: gundi ya zamani inatoka kwa skrepa na hitagani (mashine ya kupuliza hewa ya moto), mabaki kwa dawa ya kuondoa gundi. Kutu inasagwa mpaka bati jeupe, palipooza panakatwa na kuchomelewa kipande kipya, sio kujazwa puti juu ya tundu. Puti ikae pale panapohitaji kunyooshwa tu, isuguliwe mpaka mkono usisikie kitu, kwa sababu vinili haifichi mabonde kama watu wanavyodhani, hata punje ya mchanga iliyobaki chini inatoa kipele. Alafu prima ya epoksi mara mbili, na uiache ikomae siku kadhaa, gundi ina kemikali kali, ikikuta prima mbichi inaiinua na unaanza upya. Kwenye kingo na ndani ya fremu za vioo mi naongeza na rangi ya bodi kabisa.

Au ulitoe, upake rangi bati?

Kwa bati, hii ndo njia salama kuliko zote, hilo lazima niseme wazi. Hamna kitambaa cha kunyonya, hamna kutu inayojificha, ikianza unaiona. Watu wanaoendesha gari kila siku kwenye mvua, au gari linalolala nje, mi nawaelewa kabisa wakichagua hivi.

Lakini usidhani ni nafuu kuliko kuweka jipya. Kumbuka nilichosema juu, kile kiungo cha paa na fenda hakikumaliziwa, kwahiyo fundi bodi atakaa nacho kukinyoosha mpaka kisionekane. Matundu ya klipu lazima yachomelewe yote, ukiyajaza puti yatakuja kuonekana kwenye rangi kama vipele. Na paa likipakwa rangi inayofanana na bodi, ule mstari pale vinili ilipoishia lazima upotee, ambayo ina maana kupaka mpaka fenda za nyuma, wakati mwingine gari zima. Nimeona mtu kaanza na "natoa vinili tu" akamaliza na gari liko uchi bila kioo hata kimoja miezi minane.

Alafu kuna asili ya gari. Angalia kibao cha alama za kiwandani kabla hujaamua, kwa mfano magari ya kundi la Chrysler ya kipindi kile, alama V1X maana yake lilitoka na vinili nyeusi. Kama kibao kinasema lilizaliwa nalo, kulitoa kunabadilisha gari, na anayenunua magari ya hivi atasoma kibao. Kama halikuzaliwa nalo, yaani duka la magari au mtu alilibandika baadae, kulitoa ni kulirudisha lilivyokuwa, na kiungo chake huenda ukakikuta kimemaliziwa vizuri, kazi inakuwa nyepesi zaidi.

Kuna na ile rangi nzito ya kupuliza inayoiga vinyweleo vya vinili. Kwa kuwa haina kitambaa haileti ule utambi wa maji, hilo ni zuri, na kwa gari la kazi sio mbaya. Ila haina mshono, ukiisogelea inaonekana sio yenyewe, na siku ukitaka kuitoa utaisaga na msasa mpaka mikono ife ganzi. Kwa gari ambalo unalipenda kama la asili mi siishauri.

Mimi ningechagua hivi

Bati safi na vinili laini, safisha, kinga na jua, usiguse zaidi, na usilifunike kwa turubai la plastiki lisilopumua maana unyevu unabaki chini yake usiku kucha. Bati safi na vinili imechuja tu, paka rangi, ukijua umejinunulia miaka kadhaa na sio milele. Bati safi na vinili imesinyaa au imepasuka sana, jipya, usipoteze rangi juu yake. Kutu ipo na gari lilizaliwa na vinili, toa, tibu bati, weka jipya kwa gundi sahihi. Kutu ipo na gari linalala nje au vinili ilibandikwa baadae, toa, paka rangi, lala usingizi.

Lile langu la kwanza niliishia kuchomelea pembe zote mbili na kuweka paa jipya lililokatwa tayari, na sasa kila klipu ya kromu kabla ya kuirudisha naiwekea sila chini na kwenye tundu lake, dakika mbili kila moja. Ninalo la pili sasa, limekuja na paa jeupe zuri kabisa kwa macho, halina ufa hata mmoja, ila kona ya kulia ya kioo cha nyuma kuna kipele kimoja kigumu cha ukubwa wa punje ya mahindi. Jumamosi natoa mkanda wa kromu wa upande ule.